Saa ya Kutulia

Heliamu ilikaa Kasumbalesa siku nne,
forodha wakilitafuta jina lake kwenye orodha ya ushuru.
Ilipofika Lubumbashi nusu yake ilikuwa imeshapaa.
Dokta Kapweke akaigonga chupa kwa ukucha,
akasikiliza, kama anayenunua tikiti maji:
"Itatufikisha alfajiri. Umeme ukikubali."

Tukateremsha humo kipande
kidogo kuliko punje ya hindi:
shaba ya kwetu, urani ya kwetu,
na paladi iliyokuja kwa ndege, kama mkwe.
Kitabu kiliichora kila atomu kwenye kiti chake,
safu kwa safu, kanisani Jumapili ya Pasaka.
Lakini tanuri halijui itifaki.
Paladi ilikalia kiti cha shaba,
shaba ikasukumwa kwenye kiti cha paladi,
na kila atomu ya urani ikapata majirani wake, wasiofanana na wa mwenzake.

Tukashuka. Kumi. Saba. Nne.
Metali ya kawaida, ukiipoza, hutulia;
elektroni hupita bila kupigana vikumbo,
ukinzani hulala chini kama mbwa aliyeshiba.
Hii yetu ilipanda.
Kadiri tulivyoipoza ndivyo ilivyokinza.
Nikafuta jasho (jasho, kando ya baridi ile!),
nikakagua waya, lehemu, fyuzi, nafsi yangu.
"Waya mzima," akasema Dokta. "Andika."

Mkono ukaandika. Akili ikaenda Katuba,
kwenye matanga ya baba,
aliyelinda tanuri miaka thelathini
akaachishwa kwa karatasi moja, ya Kifaransa.
Watu walikuja. Wakawazunguka wafiwa,
wakawafunika kwa mabega, kwa vitenge, kwa bukari na sombe,
mpaka kilio cha kila mmoja kikapata blanketi lake.
Shangazi Mwadi alinyamaza usiku wa kwanza.
Kaka yangu Kyoni wa tatu, mbele ya kikombe cha chai.
Lakini viti vya plastiki vilikuwa vimehamishwa ovyo,
na mama mdogo Ngosa alijikuta pembeni, karibu na pipa la maji,
hana bega kushoto, hana kulia.
Turubai likakunjwa.
Yeye bado anazunguka
kama sindano ya dira isiyoambiwa kaskazini ni wapi.

Haipo saa moja ya kutulia.
Zipo nyingi, zimetawanyika kama nyumba za Katuba,
na wale wachache waliobaki macho, jirani kabisa na sifuri,
ndio wanaoivuruga hesabu yote.
Hilo sikuliandika daftarini.

Saa kumi na dakika nane umeme ulikatika.
Heliamu ikapumua mara moja, ikaisha,
na kipande kikaanza kurudi kwetu, joto kidogo, joto zaidi,
kikawa chuma tu.
Dokta akawasha tochi ya simu.
"Tuna nukta kumi na tisa."
Nikahesabu upya. Ishirini na moja.

Kulipokucha nikapanda teksi ya Katuba.
Ngosa alikuwa pipani, anajaza ndoo.
Sikuwa na la kumwambia.
Nikavuta kiti.