Kati ya Mbili na Nane

Zamani waliniita printa ikikwama.
Nilipanda ngazi za kiwanda na bisibisi mfukoni,
nikapiga magoti chini ya meza za watu,
nikijua viatu vyao kabla ya nyuso.
"Fundi," wakisema, "mtandao umelala."
Nikauamsha, nikalipwa shukrani na kikombe cha karaki,
nikarudi chumbani kwangu kusiko na dirisha,
baina ya stoo ya katoni na choo.

Leo kiti changu ni cha tatu kutoka kwa mwenyekiti.
Nina cheo kirefu ambacho mama, kule Al-Khoud,
hajapata kukitamka hadi mwisho.
Majirani wakimuuliza, huwaambia:
"Rayya? Bado anatengeneza kompyuta."
Sibishani naye.

Ila siku ile ya Juni, hapa Rusayl,
lami ikinata viatuni, gari likisoma hamsini,
waliniuliza swali lisilo la kompyuta:
dawa hii itoke, isitoke?

Vichupa elfu arobaini vya insulini
vilikuwa kimya rafuni kama mayai.
Mashine mpya, niliyoinunua mimi,
niliyoipigania mbele ya watu wa hesabu,
ilishapitia kila kitu, ikawasha kijani:
salama.
Malori yalinguruma getini,
moja la Ibri, moja la Haima, moja la Salalah.
Muznah wa ubora akashika kalamu, asiandike.
"Mashine ni yako," akaniambia. "Na neno liwe lako."

Nikashuka ghalani na koti la kuazima, la Biju,
mikono yake ikinimeza vidole.
Nikahesabu vipimajoto, kimoja hadi kumi na viwili.
Cha tisa hakikuwa mahali pake.
Mtu, kwa nia njema, akitafuta nafasi,
alikitundika mbele ya mdomo wa feni,
pale pale baridi inapozaliwa.

Dilmurad wa zamu ya usiku ana daftari,
la karatasi, limepinda kwa jasho.
Hakuna aliyewahi kumwomba.
*Saa tisa na robo, mlango wa kupakilia wazi.
Saa kumi na dakika tano, nimeufunga mwenyewe.*
Dakika hamsini rafu ya juu ilivuta pumzi ya Juni,
na kile cha tisa, kwenye raha yake, kikaandika:
tano. Tano. Tano.

Mashine haikusema uongo.
Ilisema kweli ya pale ilipowekwa.

Nilisimama pale mpaka masikio yakauma.
Zamani kosa langu lilikuwa barua iliyochelewa,
mtu akanuna, kesho akasahau.
Sasa kosa langu laweza kuingia
chini ya ngozi ya mtu nisiyemjua, kule Haima,
naye anasema bismillahi.

Juu, mwenyekiti aliuliza hasara.
Nikaitaja. Mtu akakohoa.
"Na malori?"
"Yazimwe."
"Na hiyo mashine yako tuliyoilipia?"
"Itabaki. Na daftari la Dilmurad litabaki pia."
Wakaniletea karatasi ya kuzuia.
Mkono wangu, uliozoea nywila,
ulisita kidogo kabla ya kukumbuka
jina langu linavyoandikwa.

Magharibi nilipita kwa mama.
"Umetengeneza ngapi leo?"
"Hata moja. Nimeshinda nikilinda baridi."
"Baridi! Juni hii!" Akacheka hadi ushungi ukamteleza.
Nikafungua friji yake.
Insulini ilikuwa mlangoni, bega kwa bega na labani,
mlango unaofunguliwa mara thelathini kwa siku
na wajukuu wenye kiu.
Nikatoa kipimajoto mkobani, nikangoja.
Kumi na moja.

Sikusema kitu.
Nilihamisha mtungi kutoka rafu ya kati,
nikaiweka dawa mahali pake.
Nyuma yangu mama akapaza sauti:
"We Rayya! Ukwaju wangu unaupeleka wapi?"