Nguzo ya Arobaini na Moja

Salford wametuwekea taa zenye akili:
ukipita zinawaka, ukishapita zinafifia.
Pipa likijaa linajiitia gari.
Bili ya manispaa imeshuka, sikatai;
hata kijia cha kando ya mfereji, nilichokiogopa
miaka tisa nikitoka zamu ya usiku,
sasa kinanimulika hatua kwa hatua.

Lakini Enid Ollerenshaw, jirani yangu,
tangu amzike mumewe
hukaa kwenye benchi chini ya nguzo ile,
ametulia tuli.
Taa humsubiri dakika mbili,
kisha humwandika: hayupo.

Jana nilimkuta gizani
akiinua mkono
polepole, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

Taa ikawaka.
Tukaiona mvua.