Safu ya Kulia

Mwongozo wa nyuzi, kurasa mia mbili na nne,
umerudi mezani kwangu mara ya tatu,
hapa Gerezani, ghorofa ya pili, juu ya duka la nati na bolti.
Safu ya kushoto Kiingereza, ya kulia Kiswahili.
Huko kushoto kuna neno moja tu
ambalo herufi zake mbili za mwisho, R na E,
hazijapatana ipi ikae mbele.

Mhandisi Mwaipopo alisomea Uingereza. R itangulie.
Kalamu yake nyekundu.
Dokta Kemilembe karudi juzi kutoka Marekani.
E mbele, anasema, andika unavyosikia.
Yake ya kijani.
Ukurasa wa hamsini na moja umekuwa bendera
ya nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Pamba haijasema kitu.
Nailoni, iliyozaliwa kiwandani
bila mvua, bila mama,
haijawahi kuuliza iandikwe vipi.

Mimi msahihishaji. Sichagui.
Nalinda tu kilichochaguliwa
kisije kikageuka ukurasa wa tisini.
Kitabu kikikosea mara mia kwa namna ileile
husifiwa kwamba kina msimamo.

Leo umeme umekatika saa tano,
feni imesimama, karatasi zimetulia,
nikaisoma safu ya kulia
ambayo hakuna aliyeipotezea wino.

Poliesta, ukurasa wa kumi.
Poliyesta, wa kumi na tatu.
Polista, kwenye jedwali la kufulia.
Watoto watatu, baba mmoja,
na hakuna aliyepandisha sauti.

Nikafika kwenye wanyama:
"Kondoo hukatwa sufi mara moja kwa mwaka."
Nikacheka peke yangu mpaka Zaituni wa mapokezi akachungulia.
Kule kushoto herufi mbili zinabadilishana viti
na uzi unabaki uzi.
Huku kwetu U moja ikiteleza
kondoo anaota kwenye mti,
anapasuka kiangazi, anajaza mito ya kulalia.

Mama alishona magunia Pugu Road miaka kumi na tisa.
Darasa la tano hakulimaliza.
Ukimwambia anashona mkonge, anaweka sindano chini:
"Mkonge una miiba. Katani ina bei.
Ukivichanganya, wewe ndiye utakayepunjwa."

Ukurasa wa sabini na sita vimechanganywa.
Mara saba.

Nimechonga penseli.
Mhandisi na Dokta wangoje,
wamengoja tangu Machi, hawajafa.

Shingoni lebo ya shati langu la mtumba inawasha.
Iliandikwa pamba asilimia ngapi, sijui, na tahajia ya nani.
Sabuni imekwisha kula maandishi yote.
Kuwasha kumebaki.