Kituo

Ursina harushi chochote angani.
Ndivyo alivyowaambia watu wa leseni,
akipangusa mikono kwenye koti kubwa kuliko yeye:
"Mimi nasikiliza tu. Sikio halitozwi kodi."

Juu ya paa la zizi la mbuzi ana antena mbili.
Moja imeukodolea macho mnara wa redio ng'ambo ya bonde.
Ya pili imeupa mnara kisogo,
inatazama mwanya wa milima, pasipo na msemaji.
Ya kwanza husikia neno.
Ya pili husikia neno lilelile
likirudi limechelewa, limekunjika kidogo,
limegonga tumbo la ndege iendayo Milano.
Kompyuta hulinganisha, hutoa, hungoja,
na kwenye skrini: nukta.

Redio yenyewe hutangaza Kiromanshi,
lugha ambayo wasemaji wake wote wangeenea
katika uwanja mmoja wa mpira.
Rubani haijui. Abiria hawajawahi kuisikia.
Lakini kila usiku inawapapasa mbavu
kwa bei za jibini na salamu za kuzaliwa,
nao wanapita, wanadhani giza halina mikono.

Miaka sita imemfundisha hili:
tarumbeta za Jumapili huchora vizuri,
nukta hukaza ikawa kichwa cha sindano.
Mazungumzo huchora ukungu.
Na matangazo ya vifo,
yanayosomwa na yule Madlaina mwenye sauti ya unga,
anayeweka kituo baada ya kila jina,
hayo ndiyo mabaya kuliko yote.
Katika kila kituo, ndege hupotea.

Jumanne hiyo helikopta ya uokoaji ilikuwa mwanyani,
inarudi tupu, au imebeba, skrini haisemi.
Madlaina akasoma: Flurin Caflisch, fundi wa kebo za milimani.
Ursina alilijua tangazo. Alilipeleka mwenyewe,
kwa mkono, akalipia maneno kumi na tisa.
Kituo.
Skrini ikafutika.

Kisha Madlaina akavuta pumzi,
na pumzi nayo ikapanda mnara, ikavuka bonde,
ikakuta kitu huko, ikarudi:
doa pana, hafifu,
lisilo na umbo la kuapia.

Akaandika daftarini kama anavyoandika yote:
saa mbili na dakika kumi na moja,
kilomita tisa, kaskazini.
Chombo: hakijulikani.

Chini, mbuzi wa tatu alikuwa bado hajakamwa.