Bosi wa Nyuma ya Pazia

Milioni mia tatu na themanini na tano,
alisema, na hakuniangalia mimi.
Alimwangalia Fadhul, mpwa wangu,
aliyekuja tu kunishikia mwavuli.

Sakafu ya ukumbi ule wa Nakawa ungeweza kuilia pilau.
Gari katikati, jeusi, refu,
kama bibi harusi anayejua anatazamwa,
linanuka ngozi ambayo hakuna aliyeikalia.
Kijana anaitwa Arinaitwe. Tai imekazwa kuliko nati.
"Mzee," anamwambia Fadhul, "viti vinapasha joto."
Viti vinapasha joto. Kampala. Mwezi wa pili.
Nikacheka kwa pua.

Nikainama. Goti la kushoto likalalamika, likanyamaza.
Nikagonga bampa kwa kifundo cha kidole
na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Taa hii ikipasuka," nikasema, "mtanidai milioni sita.
Mimi niliiuza kwa nne
na faida yake ikamsomesha mtoto muhula mzima."

Hapo ndipo Arinaitwe akanigeukia.

Miaka ishirini na miwili Kisekka!
Nimenyonyesha kwenye kiti cha nyuma kisicho na gari.
Nimelala juu ya milango.
Nalijua gari kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe:
wengine wanaona linavyotembea,
mimi naona linavyopimwa.

Basi tukaanza.
Kodi, Mama, kodi imepanda.
Imepanda, mwanangu, lakini hili liliingia kabla haijapanda;
soma tarehe ubavuni mwa tairi,
wiki ya ishirini, mwaka juzi.
Akasoma. Akameza mate.
Basi nakupa mazulia ya miguuni bure.
Mazulia ninayo. Nipe shilingi.

Akasema anakwenda kumwuliza bosi.
Bosi huyo namjua.
Hata mimi nilikuwa naye Kisekka, nyuma ya pazia la kanga:
naingia, nakunywa maji, nahesabu hadi hamsini,
natoka na uso wa msiba, "Amekubali kidogo tu."
Nyuma ya pazia langu hapakuwa na mtu.

Mia tatu sabini na tano.
Nikafunga mkoba. Mkoba ukifungwa vizuri una usemi wake.
Mia tatu sitini na nane.
Nikasimama. Fadhul, kwa woga, akafungua mwavuli humo humo ndani.
Mia tatu sitini na moja,
usajili juu yao, huduma miaka mitatu,
kwa maandishi, kwa muhuri,
maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Alipoinama kuokota kalamu niliona soli ya kiatu chake,
imeshikizwa kwa gundi ya njano,
ile ile tuliyobandikia mipira ya milango.
Nilijua basi ile kamisheni ilikuwa imeishia wapi.
Nilitaka kumrudishia kitu.
Sikumrudishia.

Namba zilipotoka, kabla ya kwenda Bombo kuwaonyesha ndugu,
nikapita kwa fundi wa kuchonga.
Namba kwenye kioo cha kushoto, namba kwenye kioo cha kulia,
kubwa, mbaya, kama kovu la ndui.
"Shangazi, unaliharibu!"
Fadhul alikaribia kulia.

Hajui zile alfajiri.
Vijana wawili, gunia moja,
vioo vya pembeni bado vina umande wa kwa watu,
na mimi na tochi yangu, nageuza, nakagua,
elfu arobaini, elfu arobaini, haya nendeni.
Kuuliza si ujinga, wanasema.
Sikuwahi kuuliza.

Fundi akapuliza vumbi la kioo, akafuta kwa kidole gumba.
"Elfu themanini, Mama, kwa vyote viwili,"
akasubiri nianze.

Nikalipa.