Eda ya Mahakama

Hakimu aliniuliza umri. Nikamwambia
nilizaliwa mwaka mikarafuu ilipozaa hata matawi yakavunjika.
Karani akaandika: sitini na saba.

Umewahi kutiwa hatiani? Sijawahi.
Nyumba unayokaa ni ya nani?
Yangu, ya Limbani, kaniachia marehemu, na hati ninayo.
Unaishi na nani? Na mjukuu, na sukari,
sukari ya damuni, si ya chai.
Sheha akasimama akasema ananijua:
sikupiga mtu, sikuiba cha mtu, sina pa kukimbilia.
Ni magunia matatu tu ya karafuu, yangu mwenyewe,
yaliyokutwa uvunguni yamefunikwa jamvi,
yakimngoja mnunuzi wa ng'ambo.

Wakanipa miezi sita, nikaitumikie kwangu.

Masharti nilisomewa kama mahari.
Mbele, mwisho wangu kizingiti; nyuma, ua wa makuti.
Hospitali kwa barua. Maziko kwa ruhusa.
Simu ikilia niipokee, hata ikinikuta juu ya mswala.
Na afisa atakuja, siku asiyoitaja.

Watu wakanambia, Mize, umepona,
jela kuna kunguni, wewe una kitanda chako.
Kweli, nashukuru.
Ila jela wana bawabu.
Hapa mlango u wazi kutwa,
mfungwa ni mimi, wa kumlinda ni mimi,
na ufunguo naulalia.

Eda nimeshakaa, ya mume wangu,
miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila asumini.
Lakini eda watu hukujia!
Walileta mchele, wakaleta na maneno,
tukakaa ukumbini hata mkeka ukachanika.
Hii ya mahakama, jirani akipita
huinua mkono kidogo,
kama anayefukuza nzi.

Mwezi wa pili akafa Bikombo, nyumba ya tatu,
niliyetogwa naye masikio siku moja.
Hatua thelathini na nane; nilizihesabu kwa macho.
Jeneza lilipita hapa mbele, nikasimama kizingitini
vidole vya miguu vimepinda ukingoni.
Ruhusa yangu ilirudi na muhuri wake
hitima ishasomwa.

Sasa ni msimu. Mtaa mzima umeanika.
Jana alikuja afisa, kijana wa Gando, jina lake Makame,
akakaa barazani kwangu, pale nisipofika mimi,
akafungua daftari, akapiga chafya.
Nikamuuliza: na harufu hii, mwanangu,
inayoingia bila barua, nayo uiandike?
Alicheka. Kisha akaacha kucheka,
akaangalia miguu yangu, akaangalia kizingiti,
akaandika lile neno lake moja la kila siku:
Yupo.

Kaondoka kasahau kalamu.
Iko pale, ngazi ya pili, inameta.
Namngoja Ruzuna arudi chuoni aniokotee.