Mkono wa Kulia

Kaka yangu Lali alikuja na foromali nene kama penseli,
kaishika kama kipimajoto kilichotoka kwapani mwa mgonjwa.
"Nishonee tanga," akasema. "Shubiri mbili kwa moja na nusu."

Mimi fundi wa mabuibui na sare za shule,
Langoni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Tanga sijawahi.
Nikamwuliza: kitambaa?
Akatoa mfukoni mkono wa kanzu ya marehemu baba,
ule wa kulia, umepauka hadi kwenye kiwiko.
"Nimeuchovya kwenye chai kavu, isiyo sukari.
Sukari huita chungu."

Cherehani ikautafuna. Nikaiacha,
nikarudi kwenye sindano ya mkono.
Dasi nikaisokota pajani, nyuzi tatu za kitani,
nikaizungusha pembeni mwa tanga, mshono kwa mshono,
mpaka kidole cha shahada kikaota sugu mpya juu ya sugu ya zamani.

Chombo chenyewe kilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo:
mkuku wa mbambakofi, mataruma thelathini na moja,
gofia ndogo kuliko punje ya mchele wa pishori,
na kila gofia ina tundu.
Alizitoboa kabla vidole vya mkono wake wa kushoto
havijaacha kumsikia.
Sasa mafundo anayasema, na mimi ninayafunga.
"Hii henza, hupandisha. Ile demani, huamuru.
Siyo hiyo, Zena. Hiyo ni nywele yako."

Mwenye hoteli ya Malindi alituma picha kwa simu:
tanga alitaka limevimba,
limepigwa wanga, gumu kama kopa la muhogo.
Lali akaitazama, akaifunika simu kifudifudi.
"Ukumbini kwake upepo hauna ndia.
Kivimbie nini?"
"Atapunguza elfu tatu."
"Napunguze."

Basi tukakunja.

Kukunja tanga si kukunja shuka.
Unaanza ukingoni, unaviringa kuelekea foromali,
unabana kwa kidole gumba, unapumua kwa pua,
halafu vifungo: tisa, vya ukindu uliochanwa mara nne.
Nikakaza kama ninavyokaza kwapa la sare,
mtoto apande mwembe, mshono usiachie.
Lali akavikata vyote kwa meno.
"Hufungi mzigo. Tanga hutwekwa likiwa limefungwa hivi hivi.
Likifika juu, mtu huvuta demani mara moya,
ukindu ukavundika, kimoya, kimoya, mpaka ncha.
Funga kitu kitakachokatika
siku yake ikifika, siyo kabla."

Mara ya pili vikakatika vyenyewe.
Mara ya tatu sikumbuki nilifanyaje.

Alhamisi, mjukuu wangu Bunu akaingia,
mkate wa mofa mdomoni, mkono mmoja mtupu.
Akaiona demani inaning'inia.
Pa.
Pa, pa.
Papapapapapa.
Tanga likaachia lote kwa pamoja,
pangaboi likalipa pumzi,
na mkono wa baba ukajaa,
ukajaa mpaka kwenye kiwiko.

Nilishainua kofi.
Lali akanidaka kifundo cha mkono
kwa ule mkono wake usiomsikia.
"Muate," akasema. "Limetii."

Tukafunga upya, tisa.
Kikavuka kwenda Mokowe katika katoni ya runinga,
chombo kimebebwa na chombo,
kimesongwa kwa magazeti na vipande vya sare ya kijani.
Elfu tatu zikapunguzwa, kweli.

Baada ya wiki mwenye hoteli akapiga simu:
mle ndani ya bunda mna tanga,
au ni kijiti kimeviringwa tambara?
Lali akanitazama.
Nikamwonyesha kwa kidole: mwambie avute.
"Limo," akajibu,
akakata.

Mkono wa kushoto wa kanzu bado ninao,
kwenye droo, chini ya vifungo.